Ala Ipigayo Yenyewe: Kutoka Baghdad ya Wana wa Musa Hadi Meza za Vijana Wetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyempa mwanadamu akili ya kufikiri na mikono ya kutendea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Wamo miongoni mwa vijana wa Kiislamu wa leo waliosoma ufundi wa umeme, ambao hununua vipande vidogo vidogo, wakavilehemu mezani na kuunda kwa mikono yao chombo kiitwacho sikwensa, yaani chombo kinachohifadhi mpangilio wa sauti na kuupiga chenyewe bila mpigaji. Wengine kati yao humwendea imamu wa msikiti na kumuuliza: je, kuunda chombo hiki kunajuzu? Mara nyingi jawabu huwa fupi kuliko swali. Ama huambiwa "haramu" kabla chombo hakijatazamwa, ama huambiwa "hakina neno" na mtu ambaye naye hakukitazama.

Wanavyuoni wetu wametuachia kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa usuli, ya kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kitu hicho kwa picha yake kamili. Asiyejua picha hana hukumu. Kwa ajili hiyo tumeona tukifuatilie chombo hiki katika historia, maana asili yake haikutoka mbali na sisi. Maelezo ya kale tuliyonayo ya ala ya muziki inayoweza kupangwa na kupangwa upya yaliandikwa kwa Kiarabu, katika mji wa Baghdad, katika karne ya tatu Hijria.

CHOMBO CHENYEWE NI KITU GANI

Tuanze na picha. Sikwensa nyepesi inayoundwa nyumbani ina viungo vitatu. Cha kwanza ni kipigo, yaani kitu kinachotoa mdundo wa kudumu kama moyo. Mafundi wengi hutumia kwa kazi hii chipu ndogo inayojulikana kwa namba 555, ambayo ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Cha pili ni kihesabu, yaani chipu inayopokea kila mdundo na kusogea hatua moja. Chipu ya namba 4017 inafaa sana hapa, kwani ina njia kumi za kutolea umeme, na kila mdundo unapofika huizima njia iliyotangulia na kuiwasha inayofuata, hata ikimaliza ya kumi hurudi ya kwanza. Cha tatu ni kumbukumbu. Kila hatua huwekewa kitufe cha kuzungusha, na mahali kilipozungushwa ndipo panapoamua kiasi cha umeme utakaotoka hatua hiyo ikifika. Umeme huo hupelekwa kwenye chombo kingine kinachotoa sauti. Ukiwa mkubwa sauti hupanda, na ukiwa mdogo hushuka.

Hivyo basi, fundi akizungusha vitufe vyake vinane au kumi, anakuwa ameandika sauti nane au kumi. Akiwasha, chombo huzisoma kwa zamu, tena na tena, mpaka atakapokizima. Akitaka mpangilio mwingine habomoi kitu, huzungusha vitufe tu. Siku hizi wengi hutumia kompyuta ndogo ya kibao kimoja, na hatua huandikwa kama tarakimu ndani ya kumbukumbu yake, lakini viungo ni vile vile vitatu: kipigo, kihesabu na kumbukumbu.

La kuzingatia hapa ni kwamba chombo hiki hakina sauti yake mwenyewe. Kazi yake ni kutoa amri kwa wakati wake. Amri hiyo ikipelekwa kwenye kinanda, kinanda hulia. Ikipelekwa kwenye taa, taa huwaka. Ikipelekwa kwenye mlango wa maji wa shamba, maji hufunguka. Msomaji alishike neno hili, kwani tutalirudia.

WANA WA MUSA

Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 198 Hijria (813) mpaka 218 (833), waliishi Baghdad ndugu watatu: Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir. Wanahistoria wanapokea ya kwamba baba yao alikuwa mnyang'anyi wa njiani katika ujana wake, kisha akaingia katika elimu ya nyota na kuwa karibu na al-Ma'mun. Alipofariki, Khalifa aliwachukua watoto wake chini ya ulezi wake, na wakakulia katika Baytul-Hikma chini ya mnajimu Yahya bin Abi Mansur.

Ndugu hawa walitumia mali nyingi kununua vitabu vya kale na kuwalipa wafasiri. Ibn al-Nadim, katika Fihrist yake aliyoiandika mwaka 377 Hijria, anawataja pamoja na vitabu vyao. Kitabu chao mashuhuri zaidi ni Kitabul-Hiyal, chenye maelezo ya vyombo karibu mia moja. Neno "hiyal" hapa lisituchanganye na hila za kukwepa sheria zinazozungumzwa na mafakihi. Kwa wahandisi lilikuwa na maana ya mitambo ya kistadi.

Hatupendi kuwapamba kupita kiasi. Kati ya habari zao imo pia ya kuwa katika zama za al-Mutawakkil walimfitini mwanafalsafa al-Kindi mpaka maktaba yake ikachukuliwa. Walikuwa watu wa elimu na watu wa baraza la mfalme kwa wakati mmoja, na baraza za wafalme zina fitina zake.

Mbali na Kitabul-Hiyal, waliandika risala nyingine fupi kuhusu ala inayopiga zumari yenyewe. Risala hii ilisalia katika hati ya mkono, ikachapishwa Beirut mwaka 1906 katika jarida la al-Mashriq, na mwaka 1931 mtafiti Henry George Farmer akaitoa kwa Kiingereza.

Namna ya ala hiyo ni hii. Pana filimbi yenye matundu. Upepo wake hautoki kinywani mwa mtu, unatokana na maji yanayojaa katika tangi na kuusukuma nje uliomo ndani. Ili sauti isikatike wakati tangi linapotoka maji, waliweka matangi mawili yapokezane zamu: moja likijaa, jingine linatoka. Juu ya matundu ya filimbi kuna vifuniko, na kila kifuniko kimefungwa kwenye wenzo. Pembeni kuna silinda inayozungushwa na gurudumu la maji, na juu ya uso wa silinda hiyo vimepandwa vijiti vidogo. Silinda inapozunguka, kijiti hukutana na mkia wa wenzo na kuuinua, kifuniko hufunguka na tundu hulia. Kijiti kikipita, wenzo hurudi na tundu huzibwa.

Msomaji ataona mara moja kwamba viungo vyetu vitatu vyote vimo. Gurudumu la maji ni kipigo. Mzunguko wa silinda ni kihesabu. Na vijiti ni kumbukumbu. Ukihamisha vijiti umebadilisha wimbo, na ala ni ile ile.

NTA NYEUSI

Sehemu ya risala hiyo inayostahiki kusomwa kwa makini zaidi ni ile inayoeleza namna ya kujua vijiti vipandwe wapi. Wana wa Musa hawakumwachia fundi akisie. Walieleza ya kwamba aletwe mpigaji hodari, vidole vyake viunganishwe na nyenzo, na ncha za nyenzo hizo ziguse silinda nyingine iliyopakwa nta nyeusi. Mpigaji anapopiga huku silinda inazunguka, kila kidole kinapoinuka na kushuka huacha mkwaruzo katika nta. Kazi ikimalizika, fundi anayo katika nta hiyo picha ya pigo zima: tundu gani, wakati gani, kwa urefu gani. Kisha hupanda vijiti kwa mujibu wa alama zile.

Tukifikiri, hili ni jambo kubwa. Kitendo cha mkono wa mwanadamu, ambacho kwa kawaida hupotea kinapomalizika, kilifanywa alama inayoweza kusomwa na mashine baada ya mwenye mkono kuondoka. Sikwensa ya leo nayo ina njia mbili hizo hizo: ama fundi huandika hatua moja moja kwa vitufe, ama hupiga na chombo kikanakili. Njia ya pili imeelezwa Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

AL-JAZARI NA MASHUA YA KUNYWEA

Miaka mia tatu na nusu hivi baadaye, katika mji wa Amid ambao leo ni Diyarbakir nchini Uturuki, alikuwako fundi mkuu wa wafalme wa ukoo wa Artuq, Badiuz-Zaman Ismail bin al-Razzaz al-Jazari. Mwaka 602 Hijria (1206) alikamilisha kitabu cha mitambo hamsini, kwa amri ya Mfalme Nasiruddin Mahmud. Jina la kitabu chake lenyewe ni darsa: kinachokusanya baina ya elimu na amali yenye manufaa katika ufundi wa mitambo. Katika utangulizi wake anaeleza kwamba alisoma vitabu vya waliotangulia, kisha akaona elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa mikono haijulikani ukweli wake na uongo wake. Aliijua kazi ya Wana wa Musa, akawaombea rehema, na juu ya hayo akakosoa namna yao ya kuunda chemchemi.

Miongoni mwa vyombo vyake ni mashua iliyoelea katika dimbwi ikiwa na wapigaji wanne wa kuchongwa: mwenye filimbi, mwenye kinubi na wenye madufu. Chini yao mhimili wenye vijiti ulizungushwa kwa nguvu ya maji, na vijiti vilisukuma nyenzo zilizotikisa mikono yao. Mtafiti Noel Sharkey wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, aliunda katika miaka ya 2000 mfano wa utaratibu huo, akaonyesha kwamba vijiti vikihamishwa mdundo hubadilika.

Hapa panahitajika uadilifu. Tunasikia mimbarini ikisemwa kwa fahari kwamba Waislamu ndio waliounda mashine za kwanza za namna hii, na mzungumzaji hunyamaza asiseme mashua ile ilitengenezewa nini. Ilitengenezewa majilisi ya ulevi. Al-Jazari mwenyewe aliiweka katika fungu la vyombo vya vikao vya kunywa. Anayetaka fahari ya historia na aichukue historia yote, tamu yake na chungu yake.

Na tukiichukua yote tutaona jambo jingine. Mkono ule ule ulioitengeneza mashua ulitengeneza saa kubwa za maji zilizojulisha nyakati za mchana, ambazo nazo zilikuwa na wapigaji wa kuchongwa wakisukumwa na maji saa zilipotimia. Mkono ule ule ulitengeneza vyombo vya udhu, kwa sababu mfalme hakupenda mtumishi au kijakazi ammiminie maji ya kutawadhia. Na mkono ule ule ulitengeneza mitambo mitano ya kupandisha maji kutoka chini. Elimu ni moja, na maji ni yale yale, ila makusudio yalitofautiana.

NJIA ILIYOFUATA

Fikra ya silinda yenye vijiti ilionekana baadaye Ulaya katika kengele za minara zilizojipiga zenyewe, kisha katika vinanda vya maji vya bustani za wakubwa. Mwaka 1738 Jacques de Vaucanson aliwaonyesha wanachuo wa Paris sanamu yake iliyopiga filimbi kwa silinda, na mwaka 1745 akaihamishia fikra ya kuongoza mashine kwenye kitanda cha kufumia nguo. Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard akatumia kadi zilizotobolewa kuongoza ufumaji, na katika miaka ya 1830 Charles Babbage akaazima kadi hizo kwa ajili ya mashine yake ya hesabu. Katika miaka ya 1960 Don Buchla na Robert Moog, huko Marekani, waliunda sikwensa za umeme, ambazo ndizo wazazi wa hizi wanazoziunda vijana leo.

Hata hivyo, sisi ni umma wa isnadi, na haifai kuidai isnadi isiyothibiti. Mnyororo wa mtu kwa mtu kutoka Baghdad hadi Paris haukuthibiti. Kinachothibiti ni kwamba waliotangulia kuandika ni wale, na maandishi yao yako mikononi mwetu.

MAFAKIHI WALISEMAJE

Ni kosa kudhani kuwa wanavyuoni wa sheria walikuwa mbali na mambo haya. Imamu Ahmad bin Hanbal (aliyefariki 241 Hijria) aliishi Baghdad hiyo hiyo katika zama hizo hizo. Khalifa aliyewalea Wana wa Musa ndiye aliyeanzisha mtihani wa mwaka 218 ambao Imamu alifungwa na baadaye kupigwa viboko kwa ajili yake. Na katika riwaya alizozikusanya Abu Bakr al-Khallal (aliyefariki 311) imo misimamo ya Imamu Ahmad ya kuona sawa kuvunjwa kwa ala za pumbao. Basi mji mmoja ulikuwa na silinda ya vijiti na fat-wa ya kuvunja ala.

Rai ya jamhuri katika madhehebu manne ni kukataza ala za nyuzi na za kupuliza, wakiegemea miongoni mwa dalili zao hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari inayowataja watu watakaohalalisha zinaa, hariri, ulevi na ala za muziki. Ibn Hazm aliitia ila hadithi hii kwa kudai sanadi yake imekatika, na wenye fani kama Ibn al-Salah na Ibn Hajar wakamjibu na kubainisha kuunganika kwake. Dufu katika harusi lina ruhusa yake inayojulikana. Hata ndani ya madhehebu yetu ya Shafi, al-Rafii aliona usahihi zaidi ni kuruhusiwa filimbi ya mwanzi, na Imamu al-Nawawi katika Minhaj akasema kilicho sahihi zaidi ni kuharamishwa kwake. Tunayataja haya ili ijulikane kwamba wakubwa walichambua ala moja moja, na hawakuzitupa zote katika kapu moja.

Lakini kuna mas-ala moja katika mlango wa ghasbu ambayo wanafunzi wengi huipita mbio, nayo inahusika moja kwa moja na mada yetu. Ni mas-ala ya mtu aliyeharibu ala ya pumbao ya mwenzake: je, anadaiwa fidia? Katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za mwambao wetu vizazi kwa vizazi, Imamu al-Nawawi anaeleza kwamba kuibatilisha ala hiyo hakulazimishi fidia. Kisha anaongeza kwamba, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, haivunjwivunjwi kwa kupindukia. Hufumuliwa tu mpaka irudi kama ilivyokuwa kabla ya kuunganishwa. Na kwa Imamu Abu Hanifa, aliyeivunja hudaiwa thamani ya vitu vyake vikiwa mbali na pumbao, ingawa wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu.

Tazama udani wa fiqhi hii. Mafakihi walitenganisha vipande na muungano wake. Mbao, ngozi na uzi ni mali yenye heshima kabla ya kuunganishwa, na vikifumuliwa vinarudi katika heshima hiyo. Hukumu ya kukatazwa iliangukia muungano kwa sababu ya kazi ambayo muungano ule umewekewa.

TUKIRUDI KWENYE MEZA YA KIJANA

Sasa tukiipima sikwensa kwa mizani hiyo, tunakuta tabaka tatu. Tabaka ya kwanza ni vipande: chipu, waya, vitufe. Hivi ni mali halali bila shaka yoyote. Tabaka ya pili ni muungano wa kipigo, kihesabu na kumbukumbu. Huu, kama tulivyoeleza mwanzo, hautoi sauti. Hutoa amri kwa zamu, na amri hiyo hupokewa na chochote kilichounganishwa nao. Kwa hiyo haufanani na filimbi. Unafanana zaidi na silinda ya Wana wa Musa ikiwa imetolewa kwenye filimbi na kuwekwa mezani. Tabaka ya tatu ni kinachotoka mwishoni: sauti gani, katika kikao gani, kwa makusudio gani. Hapa ndipo hukumu za ala zinapoanza kufanya kazi, na hapa njia huchukua hukumu ya lile zinakoelekea.

Basi anayeifuata rai ya jamhuri atasema kwamba kuunda sikwensa kwa nia ya kuendeshea ala zilizokatazwa ni kusaidia lililokatazwa. Hilo ni wazi, na hatutaki mtu atoke katika makala haya akidhani tumelihalalisha. Tunachokisema ni kwamba elimu ya kuiunda haichukui hukumu hiyo, na kijana anayejifunza kupitia chombo hiki namna mashine inavyoshika amri na kuitekeleza kwa wakati wake hajafanya dhambi kwa kujifunza. Fundi yule yule, kwa vipande vile vile, anaweza kuunda kengele ya vipindi vya madrasa, taa za msikiti zinazowaka kwa zamu, au kifunguzi cha maji ya bustani.

Hatari tunayoiona ni ya pande mbili. Upande mmoja ni wa kuchukulia mambo wepesi. Katika harusi za mwambao wetu, vinanda vya umeme vya taarab ya kisasa vimekuwa vikibeba midundo iliyopangwa na mashine, na wapo wanaodhani kwamba pigo lisilopigwa na mkono wa mtu limetoka nje ya mjadala wa mafakihi. Sivyo. Sauti ni sauti, iwe mpigaji ni mtu au silinda.

Upande wa pili ni wa kijana anayefukuzwa. Amekuja na chombo alichokiunda kwa subira ya miezi, anauliza kwa adabu, na anajibiwa na mtu ambaye hakuuliza hata kinafanyaje kazi. Akitoka hapo huenda asirudi kuuliza tena, si kwa hili wala kwa lingine. Imamu aliyempoteza kijana kama huyo amepoteza zaidi ya mas-ala moja.

Nasaha yetu kwa maimamu wenzetu na wanafunzi wa elimu ni hii. Kijana akikujia, mwambie akiweke chombo juu ya meza na akueleze viungo vyake. Muulize kinaunganishwa na nini na kwa ajili ya nini. Kisha toa hukumu katika tabaka inayostahiki, na umwonyeshe mlango wa halali ulio karibu naye, maana daima upo. Na mkumbushe kwamba al-Jazari, pamoja na yote aliyowaundia wafalme, alikipa kitabu chake jina la kukusanya baina ya elimu na amali yenye manufaa. Sharti hilo la mwisho, la manufaa, ndilo atakaloulizwa kila fundi mbele ya Mola wake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika analoliridhia. Wallahu aalam.